Kahawa Tuliyoinywa Unguja, Sasa Inachemka Dodoma

Mume wangu mpenzi, Baba Seche,

Mwanao sasa hivi ametumbukiza mkono mzima kwenye masimbi, yale machicha ya kahawa niliyoyamwaga karibu na jiko, akasimama, akatembea (ndiyo, anatembea, wewe ulimwacha akitambaa) mpaka pale alipokaa kaka yako Chidosa, akampiga kofi la mgongo. Vidole vitano vyeusi juu ya shuka jipya! Kaka yako akageuka na macho makali, akamkuta aliyempiga hajamfikia hata gotini, anamchekea na meno yake sita. Ikabidi na yeye acheke. Nimemnawisha mtoto, nimembeba mgongoni, ndiyo naandika. Ukiambiwa herufi zimepinda, ujue anarusha mateke.

Kaka yako amefika leo asubuhi na punda wawili. Anasema umetuma neno: niache kuuza kahawa hapa stesheni, nifunge mizigo, niende nikakae kwake Makutupora mpaka utakapomaliza kazi ya reli huko mbele ya Tabora. Nikamwambia, "Shemeji, pumzika kwanza, mimi nimjibu mwenye neno lake." Kwa hiyo hili ndilo jibu. Najua karani wa kambi ndiye atakayekusomea, na wenzako watakuwa wamekaa hapo wanasikiliza. Vizuri, wasikilize. Karani, kaka yangu, tafadhali soma yote, usiruke mahali.

Lakini kabla sijasema langu, nataka ukumbuke Unguja.

Tulikuwa na miezi mitatu tu ya ndoa. Wewe ulikuwa mpagazi wa yule tajiri wa ngozi na samli, na mkewe, Bi Zuhura, alikuwa na mimba, anataka kwenda kujifungulia kwa mama yake Unguja. Akatafutwa mwanamke wa kumsaidia njiani. Ukasema mbele ya watu, "Mke wangu anatembea kuliko punda." Mpaka leo sijui kama ulinisifu au ulinitukana. Tukatembea hadi Morogoro, maana gari la moshi lilikuwa bado halijafika kwetu. Tulipolipanda, wewe mwanamume mzima ulishika benchi kwa mikono miwili mpaka Dar es Salaam. Na kwenye meli, basi, hayo nayaacha, wenzako wasije wakakutania.

Je, unakumbuka chakula cha siku ya kwanza kwa mama yake Bi Zuhura? Sisi tuliokua kwa ugali wa uwele na mlenda, tukawekewa sinia la wali wa nazi, kila punje imekaa peke yake, na bakuli la mchuzi mwekundu unaonukia. Ukachovya tonge, ukala, ukasifu. Kisha ukainua kipande, ukakiangalia, ukanong'ona kwa Kigogo, "Mke wangu, nyama hii ina vikombe." Nikakwambia ni pweza. Ukauliza pweza ana miguu mingapi. Nilipokwambia minane, ukasema, "Basi huyu ni wapagazi wanne wamefungwa pamoja," ukarudisha kipande taratibu. Mimi nilikila. Nilikila na chako. Nikala na shelisheli ya kuchoma, na mkate wa mofa wenye moto, na embe mpaka maji yakanichuruzika kwenye viwiko. Kwetu nilizoea kula ili nishibe. Kule ndiko nilikojua kwamba mtu anaweza kula halafu akakaa kimya kwa raha.

Halafu ikaja kahawa. Yule Mshihiri, Mwarabu muuza kahawa mwenye ndevu za hina, alipita uchochoroni baada ya alasiri, anagonganisha vikombe vyake, dele, lile birika lake la shaba, mkononi na makaa yake chini. Wanawake wa nyumba walikaa ndani ya mlango, wewe ukawa unapokea nje na kutupitishia. Kikombe chenyewe kidogo kama ganda la yai. Nilipoonja nikadhani ni dawa ya tumbo. Mama yake Bi Zuhura akanipa kipande cha halua, akaniambia, "Weka hiki kwanza, mwanangu, ndipo unywe." Nikanywa tena. Ewe Baba Seche, ule uchungu ulipokutana na ule utamu!

Nami, kwa adabu niliyolelewa nayo, nikaona si vizuri kumrudishia mtu chombo chake kitupu. Kwetu jirani akikuletea maziwa kwenye kibuyu, kibuyu hakirudi hivi hivi, utatia hata konzi ya unga. Nilikuwa na karanga za nyumbani kwenye pindo la kaniki. Nikatia karanga tatu ndani ya kikombe, ndizo zilizoenea, nikakupa umrudishie.

Nikasikia huko nje, "Nani huyu anayenitilia mbegu kikombeni? Mimi ni shamba?"

Nawe ukajibu kwa sauti ya mtu anayeshitakiwa, "Ni mke wangu, bwana. Hakukosa adabu. Kwetu ndiyo adabu yenyewe."

Wanawake mle ndani walicheka mpaka Bi Zuhura akashika tumbo, nikaogopa atajifungua pale pale. Mimi nikafunika uso. Lakini yule Mshihiri akazitafuna zile karanga, akapiga funda la kahawa yake mwenyewe, akasema, "Mwambie alete nyingine." Kesho yake alipopita aliuliza kwanza, "Yuko wapi mwenye mbegu?" Mama yake Bi Zuhura akaona nimekuwa mnyonge, akanishika mkono mpaka jikoni, akanionyesha namna ya kuyeyusha sukari guru, kumwagia karanga zilizokaangwa, kutandaza na kukata kashata kabla hazijagandamana. Siku sita zilizobaki nilikuwa jikoni kwake. Wewe ulikuwa mwonjaji, tena mwonjaji asiyeshiba.

Na siku tuliyoondoka, tukiwa tumekaa juu ya mizigo, uliniambia neno. Umelisahau? Mimi sijalisahau. Ulisema, "Hii yako tungekuwa nayo Dodoma, watu wangekuja wenyewe."

Basi wamekuja wenyewe, mume wangu. Naanza alfajiri. Nakaanga buni kwenye chungu, natwanga na tangawizi, na watu wa stesheni wanasema harufu inawaamsha kabla ya kengele. Gari likisimama, abiria wanashuka wamechoka, wana vumbi mpaka kwenye kope, wanauliza, "Yuko wapi Mama Kashata?" Ndilo jina langu siku hizi. Mnyamwezi mmoja aliyekuwa akienda pwani alikula kipande, akasema, "Mama, hii nikimpelekea mama mkwe wangu atanisamehe yote." Nikamwambia, "Yote ni mengi, chukua vipande viwili."

Waliokuletea habari wamekwambia mkeo anakaa na wanaume. Hawakukwambia kwamba wanaume hao ndio wanaokaa, mimi nimesimama, nina mtoto mgongoni na maji ya moto mkononi. Mwenye maneno mabaya anayaangalia yale maji, anayameza maneno yake. Na jirani yangu Bi Mtumwa, unayemjua kwa ulimi wake, ameweka jamvi lake la vitumbua karibu nami kutwa.

Tena nikuambie na hili, ambalo kaka yako hawezi kukuambia kwa sababu ni mtu mwema. Mvua mwaka huu imetupita juu. Ghala lake limeshaonekana sakafu. Pale nyumbani wako tisa, na sisi wawili tuwe kumi na mmoja? Uwele anaoupika mama yako pale kwa kaka yako tangu mwezi uliopita nimeununua mimi hapa na kumpelekea. Mama hakukutumia habari kwa kuwa nilimwomba asikuumize moyo. Nikilizima jiko hili, siyo mimi tu nitakayelala njaa.

Sikudharau, Baba Seche. Nakutamani. Nikimwaga kahawa nakukumbuka ulivyokuwa ukipuliza kikombe kama mtu anayewasha moto. Ungekuwa hapa ukaniambia, "Mama Seche, twende zetu," tungezungumza usiku kucha, na pengine ningeshindwa. Lakini neno lililosafiri kwa midomo ya watu wanne halinifungishi mizigo. Kama una neno, njoo nalo mwenyewe ukipewa ruhusa, ukae kwenye jamvi langu, unywe, uone kwa macho yako. Nataka Seche akikua aende kwa walimu wa misheni, asome kuliko mimi niliyeishia herufi na hesabu za vidole. Nataka ukirudi ukute nyumba, usikute mke wa kugawiwa pembe kwenye boma la nduguyo. Shemeji nitampa kashata za watoto wake, na mzigo wa uwele kwa punda mmoja. Yule wa pili atarudi mtupu, na ndilo jibu langu.

Salamu kwa karani, na kwa wote waliocheka habari ya pweza. Mama yako ni mzima. Mimi nimebaki kuwa mkeo, Mama Seche, wa pale pale ulip—

Subiri. Bi Mtumwa anapiga kelele huko nje: "Mama Seche! We Mama Seche! Gari limeingia, watu wamejaa, na shemeji yako kashika dele mwenyewe, anawamiminia! Kakijaza kikombe mpaka kinamwagika, halafu anawaambia wasubiri, mwenye kahawa anaandika barua!" Nakwenda, mume wangu, asije akamuunguza mtu, lakini naona sasa hata kaka yako ameshahamia upande wa jiko langu.