Mtu wa Mwavuli Ana Pointi Ngapi

Mpendwa Mama Rukia,

Hii ni barua yangu, kwa mkono wangu. Rukia alitaka mimi niseme yeye aandike kwenye simu, nikakataa. Herufi zangu unazijua, kubwa kubwa na zimeinama kama watu wanaopanda kilima, lakini zinafika. Nakuandikia kwa sababu nina swali, na mwenye jibu ni wewe, na wewe umeshatangulia, Mungu akurehemu. Nitauliza hivyohivyo.

Hebu rudi na mimi siku ulipozileta zile karata za maua. Ilikuwa wiki ileile niliyoachishwa kazi bandarini Jebel Ali. Miaka yote ile naendesha foklifti, hakuna kijana aliyeweza kuingiza mzigo mahali pembamba kama mimi, wallahi, walikuwa wanasimama kutazama. Halafu arbab, bosi wetu, akaniita, akanipa mkono, akasema, "Khalas, mzee." Basi. Nikawa nakaa hapa nyumbani Dubai, Discovery Gardens, naangalia ukuta, na ukuta unaniangalia.

Ukaingia na kiboksi chekundu. Yule madam wako Mkorea uliyekuwa ukimpikia alikuwa anarudi kwao, akakuachia karata alizokufundisha mchana mchana watoto wakiwa shule. Nikakwambia kamari haiingii nyumbani kwangu. Hukubishana. Ulivuta blanketi kitandani ukalitandika chini, ukasema, "Hakuna pesa hapa. Anayefungwa anapika chai."

Nikauliza blanketi la nini, na joto lote hili. Ukaitupa karata moja kwenye vigae, ikateleza mpaka chini ya kabati. Ndogo, ngumu, nene kama biskuti. Kwenye blanketi ilitua na ikatulia. Hapo nikavutiwa. Nikaigeuza, nikatafuta namba, hakuna. Hakuna hata neno la kusoma ila vijimaandishi kwenye zile karata zilizochorwa tepe nyekundu, na hivyo hata wewe hukuvijua. Nilifurahi moyoni. Kusoma kulinishinda, kutazama hakujanishinda.

Ukanieleza kwamba kila ua ni mwezi, miezi kumi na miwili, na kila mwezi una karata nne. Ule mti wa mwezi wa kwanza ukauita mvinje, ingawa mvinje wa kwetu Unguja haufanani nao. Ukagawa kumi kwangu, kumi kwako, nane ukazilaza wazi katikati, zilizobaki ukazirundika kifudifudi. Natupa yangu moja: mvinje juu ya mvinje, ua jekundu juu ya ua jekundu. Halafu nafunua moja ya juu ya rundo, nayo ikipata mwenzake, nakula zote. Lakini nikitupa juu ya mwenzake, halafu nikafunua na ikatoka ya tatu ya mwezi uleule, zimeganda. Zinabaki pale chini mpaka atokee mwenye ya nne, azizoe zote. Ulizizoa mbele ya macho yangu siku ya kwanza, ukaziweka upande wako taratibu kama mtu anayepanga vyombo.

Kisha hesabu. Zile karata tano zenye duara la kung'aa ukaziita taa. Tepe tatu za rangi moja, pointi tatu. Karata tatu zenye ndege, pointi tano. Nikakuuliza, na huyu korongo wa mwezi wa kwanza si ndege? Ukasema huyo ni taa, haingii kwa ndege. Kwa nini haingii, ana mbawa, ana mdomo, amekosa nini? Mpaka leo sijaridhika. Na yule nguruwe mwitu wa mwezi wa saba, nilikataa kumgusa. Ukamla wewe, ukanihesabia wanyama watano, ukanifunga kwa nguruwe, ukacheka mpaka ukashika mbavu.

Ukifika pointi saba unachagua. Wakorea wanasema "go" au "stop", sisi tukasema yalla na khalas. Ukisema khalas, mchezo umekwisha na umeshinda. Ukisema yalla, unaendelea kutafuta zaidi, lakini mwenzako naye akifika saba, umeharibikiwa. Wewe kila ukifika saba ulisema khalas. Mimi neno hilo nilikuwa nimeshashibishwa Jebel Ali. Mimi yalla tu.

Sasa ndiyo nafika penyewe. Karata ya mwezi wa kumi na mbili ina mtu wa joho jekundu, anatembea kwenye mvua na mwavuli wake, na kando kuna chura. Nilimpenda pale pale. Nikakwambia huyu ni mimi siku ile barabara zilipojaa maji, nikatoka stesheni ya metro mpaka nyumbani na nailoni kichwani, na watu wenye magari wamekwama wananitazama napita. Wewe ndiye uliyenifungulia mlango. Nikauliza, huyu ni taa? Ukasema ni taa. Nikauliza ana pointi ngapi. Uliangalia juu kwenye feni, nakumbuka, kisha ukaniangalia mimi.

Ukasema, "Taa tatu ni pointi tatu. Yeye akiwemo, nne. Mvua Dubai, Baba Rukia? Mvua lazima iongeze."

Nikasema hiyo ni sheria yenye akili. Na kwa sheria hiyo nikawa bingwa. Sijisifu, nasema lililotokea. Kila Ijumaa nilikufunga, na ukapika chai, na nikanywa.

Ulipoondoka niliziweka karata juu ya kabati. Siku moja nikazishusha, nikateremka na blanketi chini bustanini, nikawa nacheza peke yangu kwenye benchi, mkono wa kulia mimi, wa kushoto wewe. Akapita bibi mmoja na mfuko wa vitunguu vya majani. Akasimama. Akaweka mfuko chini, akakaa bila kukaribishwa, akachukua karata za mkono wako. Ni Mkorea, mama wa kijana anayekaa ghorofa ya pili. Kiingereza chake kidogo, changu kidogo zaidi, lakini mvinje ni mvinje. Wiki haikuisha alikuwa anasema yalla kuliko mimi.

Nilimfunga, akanifunga. Nasema ukweli, yule mama si mchezo. Halafu siku moja nikawa na tepe tatu za buluu, na taa tatu, na mtu wangu wa mwavuli yumo. Tatu na nne, saba. Nikasema yalla. Akatikisa kichwa, akanyanyua vidole vitano. Nikanyanyua saba. Akanyanyua vitano. Nikamwambia kwa Kiswahili chote nilichonacho kwamba mke wangu alifundishwa na Mkorea kama yeye. Akampigia mwanawe simu, naye akashuka na kandambili, na huyo kijana kwa adabu sana, "sir, sir," akanieleza kwamba mvua inaharibu taa. Taa tatu zenye mvua ndani yake ni pointi mbili. Si nne. Hata tatu hazifiki.

Nikakunja blanketi langu nikapanda juu.

Rukia alikuja Ijumaa na sahani ya biriani. Nikamuuliza kama mtu anayeuliza habari za hewa, taa tatu zenye mvua mama yako alikufundisha ngapi. Akasema mbili, mkono bado unapakua. Nikamuuliza, na mimi nne nilizitoa wapi? Hapo mkono ukasimama.

Akasema, "Mama aliniambia, tukicheza na baba yako yule mwenye mwavuli ni nne. Usimsahihishe."

Kumbe nyumba nzima ilijua. Nilikula biriani, ilikuwa nzuri, lakini sikuomba nyongeza.

Tangu hapo nafikiri. Nimejaribu kukumbuka kila mchezo, wapi mvua ilikuwemo, wapi haikuwemo, ubingwa wangu umebaki kiasi gani. Umebaki mwingi, nakuhakikishia. Lakini linalonisumbua si hilo. Nataka kujua ulipoangalia ile feni ulikuwa unafikiri nini. Ulinihurumia kwa ajili ya Jebel Ali? Au ulitaka tu nicheke, niondoke kwenye ule ukuta? Na kama ni hivyo, mbona hukuacha hata baadaye, nilipokuwa nimeshapata nguvu na kelele zangu zimerudi? Miaka, Mama Rukia. Ungeweza kunirekebisha Ijumaa yoyote.

Nikateremka tena, maana sijazoea kukimbia. Nikamwambia Bibi, sawa, mbili. Akanifunga mara moja, kwa pointi chache tu, karata zilikuwa zimekaa vibaya. Aliyefungwa anapika chai, hiyo sheria yako nilishamfundisha. Nikapanda, nikapika kama ninavyopika, tangawizi nyingi, nimeichemsha mpaka ikatoa rangi ya kutu, nikaishusha kwenye chupa. Bibi akanywa funda moja. Akafumba macho. Akaweka kikombe kwenye benchi, mbali kidogo, akakitazama.

Tukagawa tena. Mchezo ule nikapata korongo, nikapata mwezi juu ya mlima, akaja na mtu wangu. Nikahesabu kwa adabu, mbili, na tepe zangu tatu za buluu, tano. Bibi akatazama karata zangu, akatazama chupa ya chai, akashika mkono wangu akainua vidole vyangu vinne. Nne. Nikaonyesha mvua, nikatikisa kichwa. Akakaza, nne, na tepe tatu, saba. Kisha akainuka mwenyewe, akaelekea kwao, akarudi na chai yake ya shayiri na vikombe viwili.

Nilicheka pale bustanini mpaka mlinzi, yule Mganda wa getini, akaja kuuliza, "Mzee, uko sawa?" Nikamwambia niko sawa, nimeshinda.

Basi nijibu, mke wangu. Wewe ulikuwa unanihurumia mimi, au ulikuwa unaikimbia chai yangu? Rukia nimemuuliza, amegeuza uso, mabega yanatikisika. Sitaki jibu la Rukia. Lakini usiharakishe na wewe. Nikishajua sitakuwa na sababu ya kukuandikia tena, na herufi zangu ndiyo kwanza zimeanza kunyooka.

Lala salama. Mkono wako wa kushoto nimempa Bibi, lakini blanketi ni letu.

Mimi mumeo, bingwa wako wa mvua,
Baba Rukia