Pilipili Zilizopandwa na Ndege wa Kabambare

Kwa Mama yangu mpenzi, huko Kasongo.

Mama, nakuamkia kutoka huku kambini. Mgongo unaendeleaje? Bado unalala kwa kuegemea ukuta? Na paa la jikoni, limevumilia mvua? Mimi na mkwe wako Shabani tuko wazima, tunamshukuru Mungu. Naandika mwenyewe kwa herufi alizonifundisha baba, basi Mjomba anapokusomea asicheke makosa.

Nataka kukusimulia habari za pilipili. Usishangae, iko habari ndefu.

Siku ile tulipongoja kamyo ije kutupakia na mizigo pale Kabambare, nilikaa barazani kwa duka moja. Chini ya ukingo wa paa, pale ndege wanapotua, kulikuwa na miche midogo ya pilipili imeota kati ya mawe. Nikamuuliza mwenye duka ni nani aliyepanda.

“Ndege, mama. Wao wanapanda, mimi iko nang’oa tu.”

Nikaomba ruhusa, nikaichimbua pamoja na udongo wake, nikaifunga ndani ya jani la mgomba, nikaipakata njia nzima mpaka huku mgodini. Unanijua mwanao, sombe ya majani ya muhogo bila pilipili hainishuki kooni. Na poso ya hapa ni unga, maharage na samaki wa chumvi. Pilipili hawagawi.

Tatizo ni kwamba nyumba za kambi zimepangwa mistari, na uani haturuhusiwi kupanda kitu. Wanasema mbu wanajificha kwenye majani. Basi nikatoboa matako ya makopo kwa musumari, nikatia udongo wa mtoni na mavi makavu ya mbuzi, nikayaficha nyuma ya nyumba, chini ya paa. Kesho yake miche yote ilikuwa imelala kama watu wa homa. Nikaimwagia maji, ikaamka. Nikaona kumbe dawa ni maji, nikazidisha asubuhi na jioni, mpaka majani ya chini yakageuka manjano.

Jirani yetu ni Mama Feza, Mubangubangu kwa kabila, wa upande wa Wamaza. Tangu tufike tulikuwa hatusemezani. Yeye alidhani mimi mwanamke wa mjini ninajivuna. Mimi nilidhani akicheka na wenzake kwa lugha yao, ananicheka mimi. Siku hiyo akachungulia juu ya ua wa matete.

“We, unafuga samaki? Acha maji! Tia kidole ndani ya udongo. Kikitoka kikavu, ndio unyweshe.”

Nilikasirika, lakini nikatia kidole. Majani mapya yakatoka ya kijani. Halafu maua yakaja, madogo, meupe, yameinamisha vichwa, na kila asubuhi nikawa nayaokota chini. Nikayapasua kwa ukucha nione ndani kuna nini. Vumbi tu. Safari hii nilimwita Mama Feza mwenyewe.

“Huku chini ya paa nyuki haingii, upepo hauingii,” akasema. “Ua litazaa na nani, peke yake?” Akalitikisa shina polepole kwa kidole, kisha tukayasogeza makopo juani.

Vipilipili vikatokea, vya kijani, vimesimama wima vinatazama mbingu. Maua yanainama, matunda yanainuka! Nilikuwa nimechuchumaa nikivishangaa niliposikia sauti ya kapita, msimamizi wa usafi, nyumba ya tatu: “Ng’oa! Tupa!”

Nikamwita Mama Feza. Aliyapanga makopo ndani ya kitunga chake kikubwa, akatandaza nguo chafu juu, akakibeba mgongoni, kamba kwenye kipaji cha uso, akapita mbele ya kapita.

“Unaenda wapi?”

“Mtoni, kufua.”

“Na nguo zako mbona ziko na majani?”

Kweli, tawi moja lilikuwa limechungulia. Mama Feza hakugeuka.

“Ni za bwana yangu. Anafanyaga kazi porini.”

Mstari mzima ulicheka. Kapita naye akafunika mdomo, akaingia nyumba nyingine.

Nikamfuata. Njiani mche mmoja ulivunjika. Ile mingine tukaipanda kando ya mto, nje ya mpaka wa kambi, na kila alasiri tukawa tunakwenda pamoja kuiangalia. Niliikuta pilipili moja nyekundu upande wa jua, kijani upande wa kivuli. Na kabla yetu, ndege walikwisha kula. Nilimwona mmoja mdogo akimeza nzima nzima, akapangusa mdomo kwenye tawi, akaimba. Mama, kwa nini yeye haungui? Mama Feza hajui. Waulize wazee huko, nijibu.

Sisi tulizitia kwenye sombe, tukala nyumba zote mbili chungu kimoja. Shabani alitoka jasho mpaka kidevuni, akaomba bugali mwingine.

Sasa lile neno ulilomtuma dereva wa kamyo, kwamba Kaka Hamisi aje kunichukua, nisizalie ugenini peke yangu. Lingenifikia zamani kidogo, ningefunga mizigo siku ileile. Leo nakuomba asije. Mama Feza ndiye anayewazalisha wanawake wa mistari yetu. Ameniambia, “Wewe utazalia hapa, na mimi nitakushika mgongo.” Namwamini. Ila wewe, kamyo ikipata nafasi, njoo umwone mjukuu.

Nisalimie Shangazi muuza chumvi, Kaka Hamisi asikasirike, Mjomba msomaji wetu, na mdogo wangu Zaina, mwambie aanze kujifunza kusuka.

Naishia hapa kwa sababu nimetoka kukata pilipili nikajigusa jicho. Ukiona karatasi imelowa, usiwaambie watu kwamba nalia.

Mimi mtoto wako,
Mwamini