Vidonge vya Sahani Moja

Jumatatu, 18 Novemba

Benchi la nje tena. Wenye kikohozi wanakaa chini ya kibanda kisicho na kuta, mimi nakaa upande upepo unakotoka. Bandari yote ya Kabuta inanuka samaki wa kukaushwa. Nimezoea.

Mgonjwa wangu Odette amenivurugia siku. Amemeza dawa za kifua kikuu miezi miwili, na makohozi yake bado yana vijidudu. Kilo zake haziongezeki. Nimemuuliza kama anameza. Ameapa kwa Mungu. Mdogo wake, Solange, ndiye msimamizi wake huko kisiwani Chisenga, kwenye kambi ya wavuvi. Kila asubuhi anamwangalia akimeza. Nilimchagua mwenyewe, maana wanapika moto mmoja.

Nilimfokea Odette mbele ya watu. Hakukasirika. Alinikaribisha tu kwao kisiwani, nikale bukari, ugali wao wa Kikongo, na samaki. Nikasema nimeshiba. Ndivyo ninavyosema kila mara.

Jumatano, 20 Novemba

Sampuli ya Odette imekwenda hospitali ya Nchelenge kwa pikipiki. Mashine itasema kama vijidudu vyake vimeshakuwa sugu kwa dawa. Lakini umeme umekatika huko, mashine imelala.

Sitaki kufikiria neno hilo, sugu. Nalifikiria tu. Matibabu marefu, dawa kali, na mwanamke anayeishi kwa kuvusha samaki kwa mtumbwi.

Nimegombana na mume wangu kwa ajili ya chumvi. Chumvi! Yeye ni Mbemba, hasomi Kiswahili, ndiyo maana naandika humu kwa lugha ya mama yangu. Hapa naweza kusema kwamba chumvi haikuwa na kosa.

Ijumaa, 22 Novemba

Hakuna umeme. Hakuna jibu.

Nimesoma tena mwongozo wetu. Dawa zisipofanya kazi, usianze na lawama, tafuta sababu. Asante sana. Mimi nilianza na lawama, tena kwa sauti.

Jumamosi, 23 Novemba

Nina hasira, sijui namkasirikia nani.

Leo Solange alikuja bandarini Kabuta na vikapu vya samaki, mtoto mgongoni. Nilikwenda kumsalimia. Akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia bei tu, akitumia jina wanaloniita huko, mganga:

“Mama Munganga, mikojo yangu iko mwekundu kila siku. Itaisha siku gani?”

Yangu! Ni dawa ndiyo inayopaka mkojo rangi ile, na Solange si mgonjwa wangu. Nikamuuliza anameza nini. Akashangaa swali. Anameza dawa za Odette. Vidonge vinne kila asubuhi: viwili vya mkubwa, viwili vya mdogo. Yeye naye anakohoa tangu mvua za kwanza, ndiyo Yaya wake, dada yake mkubwa, akaanza kumgawia.

Hakuficha chochote. Aliniambia kwa uso mkunjufu kabisa, kama mtu aliyefanya vizuri.

Nikamwambia aje zahanati sasa hivi. Akatazama nyuma. Wanunuzi kutoka Kitwe walikuwa wamesimama pale na mizani yao. Anayeonekana kwenye benchi langu, samaki wake hawanunuliwi. Kila mtu kambini anajua hilo. Solange akapanda mtumbwi akaondoka. Mtoto alikuwa anacheka mgongoni, kinywa wazi, karibu kabisa na kikohozi cha mama yake.

Nusu dozi kwa huyu, nusu kwa yule. Hapo hakuna anayepona. Hapo ndipo usugu unapozaliwa.

Jumapili, 24 Novemba

Kanisani sikusikia kitu. Mhubiri alihubiri, mimi nilisikiliza upepo juu ya mabati.

Wiki hii ikiisha serikali inafunga ziwa, hakuna kuvua mpaka Machi. Kambi za Chisenga zitavunjwa. Mume wa Solange ni mtu wa Kilwa ya ng'ambo, atavuka na familia yake kwenda upande wa Kongo, na huko nitamtafuta wapi? Lazima nimpate kabla hawajafunga mizigo.

Boti hazitoki. Mawimbi. Nilikwenda ufukweni mara tatu kuyaangalia, kana kwamba yataona haya.

Jumatatu, 25 Novemba

Umeme umerudi! Jibu limekuja: vijidudu vya Odette si sugu. Nilikaa chini, palepale chini, mbele ya wagonjwa wangu. Daktari wa Nchelenge ameagiza aanze dawa upya, dozi kamili.

Furaha yangu haikufika mchana. Jibu la Odette si jibu la Solange, wala la mtoto. Na nikimpa Odette dozi kamili leo, kesho ataigawa.

Upepo bado. Mwenye boti aliniambia haraka haraka haina baraka. Nilimjibu vibaya.

Jumanne, 26 Novemba

Nimefika Chisenga, nimelowa hadi kiunoni. Nusu ya vibanda imeshabomolewa. Mume wa Solange alikuwa anakunja nyavu.

Tulikaa nje, kwenye upepo. Nilikuwa nimejiandaa kugomba, maneno yote nilikuwa nayo tangu bandarini. Odette akanikata kwa upole:

“Lakini ni weye ulisema tukule pamoya, Mama Munganga. Ulisema mugonjwa asitengwe. Sasa mukubwa akule dawa yeye peke yake, mudogo amuangalie tu?”

Ni kweli. Katika kila somo nawaambia watu: ugonjwa huu haupiti kwenye sahani, kuleni na mgonjwa wenu. Walinitii. Walikula pamoja kila kitu. Mkubwa hugawa, ndivyo walivyolelewa, hata mimi nililelewa hivyo. Sikuwahi kusema kwamba dawa si bukari. Nani angedhani inahitaji kusemwa? Mimi ndiye niliyepaswa kudhani.

Nikaeleza polepole. Kila mtu na dawa zake, zinazotosha uzito wake, na hazipungui kwa mwingine, maana Solange atapata zake. Kwanza atoe makohozi yapimwe. Nikamnyooshea kikopo. Solange akakataa. Wanunuzi watajua. Mume wake akaunga mkono, kwamba watapima huko Kilwa. Sikumwamini, na nilimwambia.

Ndipo Odette akaomba dawa zake za leo. Akaweka vidonge vinne kwenye kiganja, akakaa navyo.

“Solange, miye sitameza kama weye haukohoe mu ile kikopo. Nitakufa na iyi dawa mu mukono.”

Akakaa. Jua likapanda. Vidonge vikaanza kulowa jasho. Nilitaka kumwambia ameze tu, nikajizuia. Solange alilia, akamwita Yaya majina ambayo siyaandiki. Kisha akanikabidhi mtoto, akachukua kikopo, akaenda peke yake nyuma ya matete, penye hewa. Tukamsikia akikohoa. Odette akameza vyote vinne.

Walitenga chakula. Nikasema nimeshiba.

Odette alinitazama. Njia nzima ya kurudi nimejichukia. Nimewahubiria sahani moja miaka yote, na mimi mwenyewe naiogopa. Najua ugonjwa unapita hewani. Najua. Na bado naogopa. Haya, nimeandika.

Alhamisi, 28 Novemba

Solange anao ugonjwa. Si sugu. Mungu ni mkubwa.

Mtoto nilimpima palepale kisiwani, hana dalili. Ataanza dawa ya kumkinga.

Imebaki Kilwa. Mume anavuka, hilo halina mjadala. Solange je? Nimetuma ujumbe kambini aje kesho kuanza dawa. Sijalala vizuri, nimechoma uji, nimemsahihisha mwenzangu wa zahanati kosa ambalo hakufanya.

Ijumaa, 29 Novemba

Solange hajaja. Mitumbwi imejaa magodoro na kuku, yote inapita mbali na Kabuta, kuelekea Kongo.

Siandiki zaidi.

Jumapili, 1 Desemba

Ziwa limefungwa. Mitumbwi imepinduliwa mchangani. Hakuna mnunuzi, hakuna mizani, benchi langu halimtishi mtu.

Odette amepanga chumba nyuma ya soko, Kabuta. Nilikwenda baada ya ibada. Solange alikuwa mlangoni anamwogesha mtoto; walivuka jana jioni, wakachukua dawa kwa mwenzangu. Mume wake amevuka peke yake, akinung'unika, atarudi ziwa likifunguliwa.

Ukutani kuna misumari miwili. Kwenye kila msumari mfuko wa dawa. Wa Odette umefungwa uzi wa wavu, wa Solange kitambaa. Asubuhi kila mmoja anamwangalia mwenzake, kisha anafungua kinywa kuonyesha.

Tukakaa nje. Sahani ilikuwa moja, bukari na samaki wa mwisho kabla ya ziwa kufungwa. Odette hakunikaribisha safari hii. Alisogea tu kidogo.

Nikanawa mikono, nikamega. Chumvi ilizidi. Nilikula mpaka nikashiba.