Baba, Wamelipaka Chokaa Jiwe Letu

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua huko Rulenge ulikolala huwezi kuniitikia, na leo hata ungeweza sidhani kama ningeisubiri hiyo marahaba, maana nimekuja na hasira. Barua hii naiacha wazi, aisome yeyote anayetaka. Kile tulichokificha mimi na wewe kimeharibiwa, na mimi nimechoka kuficha.

Wamelipaka chokaa jiwe letu. Lile kubwa la kando ya barabara, ukishapita Nyabusozi, ulilonipeleka nikiwa darasa la nne.

Unakumbuka kwa nini ulinipeleka? Wewe ulikuwa mwalimu wa michezo, na binti yako alikuwa anaangusha ufito kila akiruka. Wenzangu walicheka mpaka nikakaa chini nikalia. Hukunibembeleza. Ulisema tu, "Futa machozi, twende nikuonyeshe mwalimu wangu." Nikadhani tunakwenda kwa mzee fulani. Tukaishia kwenye jiwe, ukasogeza majani, na wale watu wakatokea, wadogo, wekundu, waliochorwa na mkono ambao hakuna ajuaye ni wa nani wala wa lini. Wawili chini walikuwa wanakimbia na pinde, miguu imeachana kabisa, hakuna hata mmoja anayegusa ardhi. Wa tatu alikuwa juu zaidi, ikabidi unibebe mabegani nimwone vizuri. Alikuwa hewani, juu ya mstari mmoja mwembamba.

"Usiguse," ulisema. "Tazama goti lake. Liko wapi?"

"Kifuani."

"Lako huwa unaliacha nyuma. Na kichwa kinatazama wapi?"

Nikatazama sana. Hakuwa anautazama ule mstari. Alikuwa anatazama mbele, mahali atakapotua.

"Aliyechora hapa aliwahi kuruka," ulisema, "au alimpenda sana mtu aliyekuwa anaruka. Goti hilo huwezi kulibuni."

Jioni ile ukasimamisha miti miwili yenye panda nyuma ya nyumba, karibu na mihogo ya mama, ukaweka ufito. Jirani yetu akaja kukuuliza msichana anayerusha miguu hivyo ataolewa na nani. Ukamjibu ataolewa na mtu mrefu. Mwaka uliofuata niliwashinda wasichana wote kwenye mashindano ya wilaya, na ninapoukumbuka uso wako siku ile natamani niache kuandika nilie kwanza.

Lakini tulipokuwa tunarudi kutoka kwenye jiwe ulinishika mkono ukasema, "Usimwambie mtu. Wakisikia jiwe lina alama, watasema Wajerumani walifukia mali hapo, watalipasua kwa nyundo." Nami sikumwambia mtu. Baba wa watoto wangu hakuambiwa. Watoto wenyewe hawakuambiwa. Mimi sasa ni mwalimu wa michezo katika shule ileile uliyofundisha, na wanafunzi wangu wa kuruka nimewafundisha lile goti bila kuwaambia nimelitoa wapi.

Mwezi uliopita tukaambiwa anakuja mgeni rasmi kuzindua bomba la maji. Unatujua, mgeni akija lazima mawe ya barabarani yawe meupe. Mimi nilikuwa kwenye kikao cha walimu huko Ngara. Mtendaji wetu wa kijiji akaomba wanafunzi, wakapewa ndoo, mifagio ya nyasi, na chokaa iliyotiwa chumvi ili ishike vizuri. Amri ilikuwa moja, kila jiwe litakaloonekana kutoka kwenye gari lipakwe.

Niliporudi, mwenyekiti wa kitongoji alinipokea kwa kicheko. "Jiwe rimependeza, mwarimu! Umeriona?"

Nilimwita Adela, msichana wangu wa darasa la sita anayeruka kuliko wote, nikamuuliza kama waliona kitu kwenye lile jiwe. Akafurahi kwamba nimeuliza. "Ndiyo, mwalimu. Kulikuwa na watu wekundu wanakimbia. Ndiyo maana tulipaka mara mbili, mara ya kwanza walikuwa bado wanaonekana."

Baba, mara mbili! Watoto niliowafundisha mimi, tena kwa bidii, wakijua wanafanya jambo jema. Na huyo mgeni alipita vioo vya gari vimepandishwa kwa sababu ya vumbi. Nilisimama pale nikamwangalia, hata shingo hakugeuza.

Nilichukua gunia na maji nikaenda kusugua. Nakueleza hili kwa aibu. Chokaa ilitoka, na wekundu ukatoka nayo. Mguu wa yule mkimbiaji wa mbele niliuondoa mimi kwa mkono wangu, mimi uliyeniambia nisiguse. Nikalitupa gunia, nikaenda moja kwa moja ofisini kwa mtendaji, nikapiga kelele mpaka watu wakajaa mlangoni. Nilimwambia amefuta watu waliokuwa wanakimbia hapa kabla babu wa babu yake hajazaliwa, kwa ajili ya gari lililopita mara moja.

Aliningoja nimalize. Ni kijana mpole, ndiyo maana iliuma zaidi. "Mwalimu," akasema, "mimi nimehamia hapa juzijuzi. Hilo jiwe nililiona kama mawe mengine. Wewe ulijua. Si ungesema?"

Nikatoka nikapita katikati ya watu bila kumwangalia mtu. Na tangu siku ile hasira yangu kwa mtendaji imekuwa inapungua, na hasira yangu kwako inapanda. Ulikuwa mwalimu! Ulikuwa na darasa zima mbele yako kila asubuhi, miaka na miaka. Ungewaonyesha wote, leo kungekuwa na wazazi mia hapa wa kumwambia mtendaji, hilo liache. Uliwaogopa watu wa nyundo, nami nikakuamini. Hawakuja na nyundo. Walikuja na mifagio, wakiimba.

Jana niliwapeleka darasa la sita lote. Wa juu yupo, Baba. Mifagio haikumfikia. Ule mstari aliokuwa anauruka umefunikwa, lakini yeye bado yuko hewani, goti kifuani, anatazama mbele. Niliwaambia kila kitu, pamoja na hili, kwamba hapo hakuna mali ya Wajerumani, wakichimba watakuta udongo tu. Adela aliinua shingo kumtazama. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, kwa nini hukutuonyesha?"

Nikasema, "Baba yangu alinikataza." Nilijisikia mtoto, kumbe nywele zimeshaanza mvi.

Nimevunja ahadi niliyokupa mbele ya watoto arobaini, na kila mmoja akifika nyumbani ataeleza. Sikuombi msamaha. Wewe ndiye unayesubiri wangu, na nitakuja Rulenge kukupa siku nitakayoweza. Bado siwezi.

Ni mimi binti yako, uliyenibeba mabegani nimwone.