Chumvi Kwenye Chungu cha Joel

Nyumbani kwa Mama,
Chilangala,
Newala.
21 Desemba 2024

Mpendwa kaka Gideoni,

Shikamoo kaka. Habari za Morogoro? Wifi Regina hajambo, na watoto? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia, au bado unakohoa na kusema umepona? Sisi huku wazima kwa rehema za Mungu. Mama magoti yanamuuma, mdomo haumuumi. Queen ameota meno ya juu, anamng'ata kila anayembeba.

Mvua imeanza, mapipa yamejaa. Utacheka nikikwambia nimeikumbuka foleni ya bombani. Pale Newala, kwenye foleni ya ndoo, ndipo nilipokuwa nasoma bila mtu kuniita.

Barua hii nampa Isabela, binti wa mzee Bernard, anakuja huko kwa Krismasi. Ningekupigia simu, lakini nikianza kusema nitalia, na wewe ukisikia nalia unasema "basi, basi, tutaongea kesho," na hiyo kesho haiji.

Uliponihimiza nijiandikishe mtihani wa kuingia chuo cha biashara, uliniuliza mtu mwenye kazi ya kutwa na watoto wawili anasoma saa ngapi. Leo nakujibu. Jibu lenyewe ni kwamba anasoma akiwa anafanya kitu kingine.

Mwanzoni nilikishika kile kitabu ulichonitumia, nikaanza ukurasa wa kwanza kama msomaji kweli. Nililala juu yake mpaka kurasa zikajikunja. Halafu nikaona huu ni ujinga. Nikafanya kwanza mtihani mmoja wa zamani, saa iko mbele yangu, nikatazama ni wapi nimepigwa: asilimia na uwiano, na Kiingereza cha kusoma habari ndefu kwa haraka. Ninayoyajua nikayaacha yalivyo, nikakaa na yaliyonipiga.

Kule kazini ghalani Gervas, yule mpima unyevu wa korosho, amejifanya mwalimu wangu. Tunapima gunia, ananirushia swali mbele ya wakulima.

"Mama Joel, kilo themanini, zimepungua asilimia tano. Zimebaki ngapi? Ukikosa, andazi lako langu."

"Sabini na sita. Na leo andazi lako ndilo langu."

"Ah, huyu akienda chuo tutakula nini sisi?"

Wakulima wanacheka, foleni inasogea, na mimi nimepata swali moja. Kanuni nazo nimejirekodi kwenye simu kwa sauti yangu. Nazisikiliza nikiwa kwenye bodaboda, nikifua, nikipika. Hapo kwenye kupika ndipo mambo yalipoharibikia.

Joel yuko jandoni, unajua. Mwezi huu nimehamia kwa mama ili chungu chake cha asubuhi nipike mimi, halafu ndiyo napanda bodaboda kwenda kazini Newala. Mwiko wetu tumeushika: tangu aingie, mimi na mama hatujaonja chumvi, na chakula chake hakitiwi chumvi, mpaka kidonda kipone, atoke, ndipo tuile pamoja. Hata Krismasi hii tutakula chapwa.

Basi Alhamisi ya wiki iliyopita nilikuwa napika mbaazi. Masikioni sauti yangu mwenyewe inanieleza riba ya mtaji. Mkono ukaenda kwenye kopo la chumvi, kopo ambalo mama amelitenga kwa ajili ya wageni, ukachota, ukatia. Kaka, sikuujua ule mkono. Wala sikuonja, bodaboda ilikuwa inapiga honi nje. Nikafunika, nikampa Baba Joel apeleke.

Niliporudi jioni nilimkuta mzee Bernard amekaa uani. Ndiye kungwi wao mwaka huu. Chungu changu kiko miguuni pake.

"Mama Joel," akasema, "jana ulimpikia mwali wa jandoni, leo umempikia bwana harusi?"

Majirani wakacheka. Mama hakucheka. Aliniangalia tu, akasema, "Hivyo vitabu ndivyo vilivyotia chumvi."

Lakini lililonikata si hilo. Mzee Bernard alinieleza kwamba Joel alikuwa amekula sana, wala hakusema kitu. Ni wenzake walioonja wakapiga kelele. Mzee akamuuliza, we mtoto, mbona umenyamaza? Akamjibu, "Amepika mama."

Basi. Amepika mama.

Kidonda chake kilichelewa kidogo kukauka. Tabibu aliyewatahiri alikuja, akasema si chumvi, ni kusuguana tu, akabadilisha dawa, na sasa kimekauka vizuri. Ninamwamini. Nimesoma kiasi cha kumwamini. Lakini kuamini kuko kichwani, na hiki kingine kiko kifuani, na havisalimiani.

Mama akaninyang'anya chungu. "Wewe kaa na mizani yako. Mtoto tutampikia sisi." Na sasa nikwambie lisilosemeka, maana wewe ndiwe kaka yangu: nilifurahi. Asubuhi iliyofuata nilipata muda mzuri wa kusoma, kichwa kimetulia, nikapata maswali karibu yote. Nilipofunga kitabu nikasikia mama anapuliza moto jikoni kwa ajili ya mwanangu. Furaha ile ndiyo inayonila mpaka leo, kuliko hata chumvi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nakuhitaji. Siku ya kuwatoa wavulana imepangwa: Jumamosi, tarehe 4 Januari, ibada kanisani kisha nyumbani. Na mtihani ni Jumamosi hiyo hiyo, Masasi.

Usidhani sikujaribu. Nilimwendea padri. Akasema kwa upole kwamba hawezi kuwaacha watoto wa watu porini kwa sababu ya hesabu zangu. Nikawapigia wa chuoni, wakasema siku ni moja kwa wote, ukikosa subiri mwakani. Na meneja wetu amesema ruhusa ya masomo ghalani ni ya mtu mmoja. Nisipoingia mimi, anapewa mwingine.

Mama ananiambia, "Mtihani upo kila mwaka. Mtoto hutoka jandoni mara moja." Ni kweli.

Lakini nakwenda Masasi, kaka. Nisingependa uje kunibembeleza. Nikibaki, nitabaki na kinyongo, na kinyongo hicho Joel atakila kwenye ugali wangu miaka yote, na chenyewe hakuna mwenzake atakayeonja akapiga kelele.

Kwa hiyo njoo wewe. Najua ulisema kazi imebana na ukaniomba nimsimamie mtoto kwa niaba yako. Sasa nakurudishia lililo lako. Baba Joel atakuwepo, lakini kwetu unajua, wa kumvalisha mtoto siku hiyo ni mjomba. Asitoke akatafuta kwa macho akakosa mama na akakosa mjomba. Mmoja wetu awepo.

Shati jeupe nimeshamnunulia, liko kwa mama. Kanga yangu ya bluu, ile aliyobebewa alipokuwa mdogo, itandike chini apite juu yake. Ataijua. Mwambie nimekwenda kufanya mtihani, usimwambie kazini. Anajua maana ya mtihani, yeye mwenyewe hulia akikosa.

Mama atapika kuku wa chumvi. Mimi mwiko wangu sitaukata asubuhi hiyo. Nitaingia chumba cha mtihani na mdomo wangu hivi hivi, nikitoka nitapanda gari la kwanza la Newala. Jioni nitakuwa Chilangala, nile naye.

Msalimie sana wifi Regina, umwambie akuruhusu, nitamlipa kwa korosho za kubangua. Wasalimie watoto, na baba mdogo Anthony ukimwona. Huku mama, Baba Joel na Gervas wanakusalimu. Queen angekusalimu kwa meno. Mungu aliyetulea bila baba na hakutuacha, akulinde njiani mpaka nikuone umekaa uani kwetu.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, mwenye deni kwa mwanangu,
Yuster (Mama Joel)

Nimesahau jambo moja. Gari likichelewa na ukaona mtoto ana njaa, usimwambie asubiri mama. Mpe kuku wake, ale mpaka ashibe. Mimi nitaikuta chumvi yangu hata kwenye mabaki.