Maneno Uliyoyageuza Barazani

Mume wangu Baba Naomi,

Salamu sikuandikii, maana sijui huko uliko zinafikaje. Nakuandikia habari ya jana tu. Naomi amesema nikimaliza atawasomea watu wanaokuja kuuliza, na mimi sikumkataza.

Jana tawala zetu tano zilikutana tena na jirani yetu mkubwa wa ng'ambo ya mto, mtemi wa Wasukuma, hapahapa Kinampanda, kuutia nguvu ule mkataba wa malisho. Niliitwa nikapike, nikaenda. Tangu tukuzike, masika tatu sasa, nikiitwa mahali naenda, nikiambiwa kaa nakaa.

Nilipoona viti vinapangwa nilikumbuka baraza la kwanza. Mvua ilikuwa imekataa mara mbili. Ng'ombe wetu walikuwa wanainuliwa kwa mkia ndipo wasimame, na Naomi ananyonya titi kavu. Ng'ambo kulikuwa na majani na maji, lakini kila mtemi wetu alikwenda kuomba peke yake, akarudishwa peke yake. Ndipo wakapatana, wote watano, waseme kwa kinywa kimoja, na Bwana Shauri, yule Mzungu wa bomani, akaitisha baraza. Wewe ulikuwa mkalimani wa boma. Kisukuma ulikipata kwa mama yako.

Nilikuwa nje na wanawake wenzangu, tunapakua ugali wa uwele. Nilimsikia Mzee Luhende, msemaji wa mtemi wao, akinguruma maneno nisiyoyaelewa. Kisha nikasikia sauti yako ikiwaambia watemi wetu kwa Kinyiramba: "Anasema ninyi mko watano, na watano wakikaa pamoja wana uzito wa mtemi mmoja mkubwa. Njooni na ng'ombe wenu, mje kama majirani."

Watemi wetu wakapiga makofi. Yule mzee kuliko wote akajibu kwamba na watu wa ng'ambo waje kununua nafaka na chumvi kwenye magulio yetu bila kutozwa ushuru. Jua halijageuka, kila mmoja alikuwa ameshaweka dole gumba kwenye karatasi.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani ndipo uliponiambia alichosema hasa. Alisema: "Hawa watano ukiwapima pamoja hawafikii hata mwanangwa wetu mmoja wa kijiji. Waje na ng'ombe wao, lakini waje wakijua kuwa ni ombaomba."

Nikakuuliza, "Na wakijua?"

Ukasema, "Watakapojua, ng'ombe watakuwa wameshavuka."

Wakavuka. Naomi akapata maziwa, na watoto wa wengine wakapata. Kesi za wizi wa mifugo, zilizokuwa zinaishia kwenye mikuki, zikaanza kuamuliwa na wazee wa pande zote mbili wamekaa benchi moja.

Mwaka haukuisha. Msengi, mdogo wa mmoja wa watemi wetu, ambaye alikuwa akinunua ng'ombe ng'ambo na lugha yao anaijua, akayasikia huko maneno yenyewe, akakusemea bomani. Bwana Shauri alisema mkalimani anayetia maneno yake si mkalimani. Ukavua koti la kazi, ukaliweka mezani. Jina lako kwenye mkataba likapigwa mstari wa wino. Mkataba wenyewe hawakuugusa, kwa kuwa ulikuwa unawafaa wote. Kanisani nako wakakuambia usisome tena Neno mbele ya watu.

Mtu wa lugha tatu ukawa humalizi sentensi hata kwa moja. Ulilima, ukala, ukalala. Siku moja tu, tukipalilia karanga, ulisema, "Mama Naomi, mimi niliwafanya watu wakubali jambo wasilolisikia. Huo ni wizi." Nilikuambia siyo. Ukaendelea kupalilia. Mpaka kichomi kinakuchukua, hukunijibu.

Sasa ya jana. Mzee Luhende alikuja akishikwa mkono, amezeeka sana. Nikampelekea maji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Ndiwe mke wa yule mkalimani?"

Aliniuliza kwa Kinyiramba, Baba Naomi. Kinyiramba kilichonyooka kama chako.

"Baba, lugha yetu unaijua?"

"Tangu ujana. Nilichunga ng'ombe upande huu miaka mingi. Siku ile nilimsikia mumeo akiyageuza maneno yangu. Nilitaka nisimame nimkanushe. Nikawaona watu wenu wanavyopiga makofi, nikaona haya. Nikamwinamia mtemi wangu, nikamwambia, hawa wametujibu vizuri, tukubali."

"Na alipofukuzwa?"

"Nilipata habari. Nikaona nikisema nitakuwa nimekiri kwamba niliwatukana. Nikakaa kimya. Hapo nilikosa, binti yangu."

Nilingoja hasira ije. Haikuja. Nikangoja furaha, nayo haikuja. Nilishika sinia tu, kama mtu aliyekufa ganzi hadi moyoni. Nikamwambia, "Kunywa maji, baba."

Alipoingia barazani aliyasema yaleyale mbele ya wote. Msengi alitazama chini mpaka mwisho. Baadaye akanifuata jikoni, akasema, "Shemeji, nisamehe." Nikamjibu, "Haya." Sijui kama nilimsamehe au nilitaka tu aondoke.

Wamekubaliana mengi: josho la pamoja karibu na kivuko, na gulio moja kila upande. Walipofika kuandika, Mzee Luhende akataka mkataba mpya uanze kwa kumtaja mkalimani wa ule wa kwanza. Karani ni mgeni, hakukujua. Wakaniita ndani. Mwanamke ndani ya baraza, na unga mikononi.

"Jina la marehemu linaandikwaje, mama?"

Nikamtajia herufi moja moja, Yona Kiula. Akaandika, akanigeuzia karatasi nihakiki. Nilisoma, nikasema, "Ndilo." Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonisumbua tangu jana. Naomi, aliyekuwa akinisaidia jikoni, alilia kwa ajili yetu sote wawili. Mimi nilirudi nikaosha vyungu.

Labda na mimi siku yangu ya kulia itakuja, nikiwa shambani au nachota maji. Kwa sasa ninayo habari tu, na habari hii ni yako kuliko yangu: hukumwibia mtu. Mzee Luhende alisikia siku ileile, na jana wamesikia wote, wakakubali.

Lala, Baba Naomi.

Ni mimi mkeo,
Mama Naomi