Pazia la Harusi Lililoshuka na Chombo cha Anga

KITUO CHA POLISI AKTASTY
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Raushan Kenzhebekova
Umri: Miaka 38
Kazi: Dereva wa gari la maziwa
Makazi: Mtaa wa Stesheni, Aktasty

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Nimeonywa kuhusu kusema uongo. Nimemjibu afande kwamba wa kuonywa ni mkurugenzi wa makumbusho. Afande amekataa kuliandika hilo, kisha ameliandika.

Mama aliyekalishwa chumba cha pili ni mama mkwe wangu, mwenye umri wa miaka sabini na sita. Jina lake, Bi. Kalampyr Esenova, ameliandika afande mwenyewe, kwa kuwa kwetu mke halitamki jina la mkwe wake, hata mbele ya polisi.

Mnamo tarehe 14 Mei, majira ya saa nne asubuhi, nilikuwa pamoja na mama mbele ya jumba la makumbusho la mji. Mji mzima ulikuwepo. Tulikuwa tunakisubiri chombo cha anga kiletwe kuwekwa humo, kile kilichotua mbali na mahali pake wakati wa dhoruba ya theluji miaka thelathini na kitu iliyopita, karibu na kambi ya mifugo ya baba mkwe wangu, sasa marehemu. Yeye ndiye aliyewafikia wanaanga kwanza, kwa farasi, akawalaza kando ya jiko lake mpaka helikopta zilipokuja. Hayo sikuyaona, nilikuwa mtoto mdogo wa mji mwingine. Lakini nimeyasikia kila sikukuu tangu niolewe, na hayajawahi kubadilika.

Lori lilikuja kwa mwendo wa msiba. Watu walishangilia, wanawake wakarusha peremende kama tunavyomrushia bibi harusi. Kisha wafanyakazi wakavuta turubai.

Nilitegemea kuona kitu kikubwa. Hakikuzidi tangi langu la maziwa. Upande mmoja kilikuwa cheusi kama sufuria ya kuni, na ngozi yake imebabuka. Watu watatu walitoka mbinguni wamejikunja humo ndani, moto ukiwalamba kwa nje, na wakafika wakiwa hai. Nywele zilinisimama. Mimi si mtu wa kulia ovyo, mume wangu atathibitisha, lakini nililia mbele za watu na sikujifuta.

Ndipo mama aliponiambia, "Mwanangu, shika ncha hii." Alikuwa ametoa pazia lake kwenye mfuko.

Afande anajua pazia la harusi ni nini, lakini mkurugenzi ametoka mji mkuu, kwa hiyo naeleza. Bibi harusi akiingia nyumbani kwa mumewe huwekwa nyuma ya pazia, asionekane mpaka aimbiwe na kufunuliwa uso. Pazia la mama ni kipande cha mwavuli uliokishusha chombo hicho kutoka angani, cha mistari ya rangi ya chungwa na nyeupe.

Dereva wa kreni alipiga kelele, "Bibi, toka chini ya mzigo!"

Mama akamjibu, "Bibi harusi haingii ndani uso wazi."

"Na bwana harusi yuko wapi?"

"Si ndilo hilo jumba! Limezeeka, ndiyo, lakini mbona hata wewe ulipata mke?"

Watu wakacheka mpaka yeye mwenyewe akacheka. Akashusha ndoano, nasi tukafunga pembe za pazia kwenye kamba za kreni, juu kidogo ya chombo, ili akikiinua lining'inie na kukificha.

Halikukificha. Kreni ilipoinua, upepo wa nyika uliingia chini ya kitambaa, kikavimba na kufunguka chote. Chombo kikawa kinaning'inia chini yake, kikiyumba taratibu hewani. Tulijua tangu zamani kwamba pazia lile lilitoka kwake, lakini hatukuwahi kuviona pamoja. Wazee walivua kofia. Mama alikuwa ameinua viganja kama anayeomba dua.

Mkurugenzi, Bwana Temirkhan Dulatov, alitoka ndani mbio. "Shusheni! Hiyo ni mali ya serikali! Nani kaiba?"

Mama akasema, "Sikuiba. Askari wa helikopta alinikatia kwa kisu chake. Alisema umeshachanika, nishonee watoto nguo."

"Askari gani? Anaitwa nani?"

"Nilimpa supu, sikumuuliza jina."

Mkurugenzi akapiga simu polisi. Alisema mama atashtakiwa kwa wizi na pazia litafungiwa kama kielelezo. Mama alilikunja mwenyewe, hakukubali mtu mwingine aliguse, akapanda gari la polisi nalo mapajani. Nimeumia sana kumwona vile.

Kuhusu wizi, najua yafuatayo. Kitu cha wizi hufichwa. Pazia hilo halikai kabatini hata msimu mmoja, maana kila nyumba inayooa huja kuliazima. Huondoka bure na hurudi limefuliwa. Mimi nilisimama nyuma yake nikiwa na miaka ishirini, nikajiambia kwamba kilichowashusha watu watatu kutoka mbinguni hakitashindwa kunifikisha salama miongoni mwa watu nisiowajua. Hakikushindwa. Kama ni la wizi, basi na mimi nilipokelewa kwa mali ya wizi, na wenzangu wengi mjini humu. Tushtakiwe pamoja naye.

Hayo ndiyo niliyoyaona na ninayoyajua. Nimesomewa, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: R. Kenzhebekova

MAONI YA AFISA: Maelezo haya nimeyaandika mimi, Sajenti Berdibek Ospanov, nikamsomea shahidi naye akakubali kuwa ni sahihi. Nje ya kituo imejipanga foleni ya wanawake wanaotaka kutoa maelezo kama haya. Aliye mbele ni mke wangu. Kwa sababu hiyo naomba kujiondoa, na shauri hili apewe afisa mwingine, iwapo atapatikana kituoni hapa ambaye mke wake hakusimama nyuma ya pazia hilo.